Joseph Altman na Seli Mpya za Ubongo: Ugunduzi Uliosubiri Zaidi ya Miaka Thelathini

Wagonjwa waliopata kiharusi, waliopigwa kichwani au walioumia uti wa mgongo katika ajali za pikipiki hufika kliniki na swali moja lenye sura nyingi. Mmoja huuliza kama mshipa uliokufa utafufuka. Mwingine anataka kujua kama mkono uliolala utaamka, na lini. Ndugu waliomsindikiza huuliza kama ipo dawa ya kuotesha kilichoharibika. Swali hilo ni la haki kabisa. Mfupa uliovunjika huunga, ngozi iliyokatwa huziba, na ini likiondolewa kipande hukua tena. Kwa nini basi ubongo uwe na sheria yake?

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, jibu la tiba lilikuwa fupi: mtu huzaliwa na hazina yake ya seli za ubongo, na kila inayokufa haina mbadala. Jibu hilo lilifundishwa vyuoni, likaandikwa vitabuni, likasemwa kando ya vitanda vya wagonjwa. Mtu wa kwanza kulitilia shaka kwa ushahidi wa maabara alikuwa Joseph Altman, mtafiti aliyezaliwa Hungaria akafanya kazi Marekani. Makala haya yanaeleza alichokiona, kwa nini wenzake walichelewa kumsikiliza, na maana ya ugunduzi wake kwa mgonjwa wa leo. Kisa chake kinatufaa pia kwa sababu ya pili: kuna watu sokoni wanaouza matumaini kwa jina la ugunduzi huo huo, na anayejua ulikoanzia na ulipofikia hadanganywi kwa urahisi.

Fundisho lililotawala

Mwanzilishi wa elimu ya kisasa ya neva ni daktari Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906 pamoja na Mwitaliano Camillo Golgi. Kwa kutumia hadubini na rangi maalumu, Cajal alionyesha kwamba ubongo umejengwa kwa seli moja moja, kila moja ikiwa na matawi ya kupokea habari na uzi mrefu wa kuipeleka mbele. Seli hizi ndizo tunazoziita seli za neva, au nyuroni. Uzi wake mrefu huitwa aksoni. Nyuzi nyingi za namna hiyo zikifungwa pamoja nje ya ubongo na uti wa mgongo hufanya neva, ambazo wengi wetu tumezoea kuziita mishipa ya fahamu.

Cajal alichunguza pia kinachotokea neva ikikatwa, na mwaka 1913 na 1914 alichapisha kazi kubwa juu ya kuharibika na kuota upya kwa neva. Aliona kwamba neva za mikono na miguu huweza kuota tena, ilhali nyuzi za ndani ya ubongo na uti wa mgongo huanza kuchipua kisha hukwama. Alihitimisha kwamba katika kiumbe aliyekomaa njia za ubongo zimekwisha kufungwa. Aliiachia sayansi ya baadaye kazi ya kuibadilisha hali hiyo, kama ingewezekana.

Waliomfuata waliichukua sehemu ya kwanza ya hitimisho lake na kuisahau ya pili. Walikuwa na sababu. Seli ya neva iliyokomaa haigawanyiki, na hakuna aliyewahi kuikuta katikati ya kugawanyika. Tena, ubongo ndio unaotunza kumbukumbu na ujuzi. Ilionekana kwamba kuingiza seli mpya katika mtandao huo kungekuwa sawa na kubadilisha nguzo za nyumba ambayo watu bado wanaishi ndani yake. Hoja ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni njia ya kuipima.

Kijana wa Budapest

Joseph Altman alizaliwa Budapest tarehe 7 Oktoba 1925, katika familia ya Kiyahudi. Ujana wake uliangukia katika Vita vya Pili vya Dunia, wakati Wayahudi wa Hungaria walipokamatwa na kuuawa kwa maelfu mengi. Alinusurika. Baada ya vita alikwenda Ujerumani, kisha Australia, na hatimaye Marekani. Alisoma saikolojia katika Chuo Kikuu cha New York chini ya Hans-Lukas Teuber, mtafiti aliyejulikana kwa kuchunguza athari za majeraha ya ubongo, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1959.

Jambo hili la saikolojia si dogo katika kisa chetu. Altman hakuingia maabara kupitia mlango wa anatomia, ambako fundisho la ubongo usiobadilika lilikuwa limeota mizizi. Aliingia akiwa na swali la mwanasaikolojia: kiumbe anapojifunza jambo jipya, ni kitu gani hubadilika kichwani mwake? Kwa mtu mwenye swali hilo, wazo la kwamba huenda ubongo hujiongezea seli halikuwa upuuzi. Lilistahili kujaribiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, maarufu kama MIT, na mkononi alikuwa na zana mpya iliyomwezesha kulijaribu.

Alama ndani ya kiini

Zana hiyo yastahili kuelezwa, maana ugumu wote uliofuata umejificha ndani yake. Seli yoyote kabla ya kugawanyika lazima kwanza inakili DNA yake, ili kila seli mpya ipate nakala kamili. Kazi hiyo huhitaji malighafi, na mojawapo ni kemikali iitwayo thaimidini, ambayo hutumika katika DNA. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanasayansi walifanikiwa kuitia thaimidini alama kwa haidrojeni yenye mnunurisho, iitwayo tritiamu. Mnyama akidungwa thaimidini hiyo, seli zinazojiandaa kugawanyika wakati huo huidaka na kuijenga ndani ya viini vyao. Zisizogawanyika huipita tu.

Baada ya siku au majuma kadhaa, ubongo wa mnyama hukatwa vipande vyembamba mno. Vipande hupakwa utando kama ule wa filamu ya picha, kisha huhifadhiwa gizani. Mnunurisho mdogo unaotoka ndani ya kiini huunguza utando ulio juu yake na kuacha chembe nyeusi za fedha. Mtafiti akitazama kwa hadubini na kukuta seli ya neva yenye chembe nyeusi juu ya kiini chake, ana sababu ya kusema kwamba seli hii ilizaliwa baada ya sindano kudungwa.

Mwaka 1962 Altman alichapisha katika jarida la Science taarifa fupi ambayo kichwa chake kilikuwa swali: je, seli mpya za neva huundwa katika ubongo wa mamalia waliokomaa? Alikuwa amewajeruhi panya sehemu ndogo ya ubongo na papo hapo kuwadunga thaimidini yenye alama. Alitarajia kuona seli za glia, ambazo huitunza na kuilisha nyuroni, zikiongezeka kandokando ya jeraha, na kweli aliziona. Lakini aliona pia nyuroni chache zenye alama, na baadhi yake hazikuwa karibu na jeraha. Zingewezaje kuwa na alama kama hazikuzaliwa ukubwani?

Mwaka uliofuata alionyesha dalili kama hizo katika panya na paka waliokomaa. Kisha mwaka 1965, pamoja na mwenzake Gopal Das, alitoa kazi iliyo bora zaidi kati ya zile za mwanzo. Waliwadunga panya wa umri mbalimbali na kufuatilia sehemu moja ya ubongo iitwayo hipokampasi, ambayo ni mlango wa kumbukumbu mpya. Waliona kwamba seli changa zisizokomaa huendelea kugawanyika baada ya mnyama kuzaliwa, huhamia katika tabaka fulani la hipokampasi, na huko hukomaa kuwa nyuroni ndogo. Kasi hupungua kadiri mnyama anavyozeeka, lakini haifiki mara moja kwenye sifuri.

Mwaka 1969 Altman alieleza mahali pa pili. Kandokando ya vyumba vyenye maji katikati ya ubongo kuna seli zinazogawanyika. Watoto wa seli hizo husafiri kuelekea mbele, kama msafara, hadi sehemu inayopokea habari za harufu, na huko hugeuka nyuroni. Maeneo mawili aliyoyataja, hipokampasi na njia ya harufu, ndiyo hayo hayo ambayo vitabu vya leo vinayataja. Zaidi ya nusu karne ya utafiti wa wengine imeithibitisha ramani aliyoichora katika panya.

Alifika mbali zaidi ya kuhesabu seli. Alipendekeza kwamba nyuroni hizi ndogo zinazochelewa kuzaliwa ndizo zinazoupa ubongo unyumbufu wa kujifunza kutokana na maisha. Mwaka 1964 yeye na Das walikuwa wameshachunguza panya waliolelewa katika mazingira yenye mambo mengi ya kuchezea na kuyagundua, wakaona ongezeko la mgawanyiko wa seli za glia. Wazo kwamba namna mnyama anavyoishi hugusa kuzaliwa kwa seli za ubongo lilikuwa tayari mezani.

Kwa nini hakusikilizwa

Mtu angetazamia kwamba matokeo ya aina hii yangewatoa watafiti maofisini mwao. Haikuwa hivyo. Kazi za Altman zilichapishwa katika majarida makubwa, zikasomwa, kisha zikawekwa kando. Mwanasayansi wa ubongo Charles Gross, aliyeandika baadaye historia ya suala hili, anaeleza kwamba Altman hakupewa ajira ya kudumu MIT. Mwaka 1968 alihamia Chuo Kikuu cha Purdue, jimboni Indiana.

Tusiharakishe kuwahukumu waliomtilia shaka, kwani baadhi ya hoja zao zilikuwa za kitaalamu. Kwanza, nyuroni alizozionyesha zilikuwa ndogo sana, na kwa hadubini ya mwanga si rahisi kuitofautisha nyuroni ndogo na seli ya glia. Pili, seli inayokarabati DNA yake huweza kudaka thaimidini kidogo pasipo kugawanyika. Tatu, hata kama seli ilikuwa mpya, nani amethibitisha kwamba imeunganishwa na wenzake na inafanya kazi? Maswali haya yalihitaji majibu. Tatizo ni kwamba watu wachache mno walijishughulisha kuyatafuta. Pazito palipokuwa na fundisho la Cajal, shaka iligeuka kuwa sababu ya kutotazama.

Mfano wa wazi ni Michael Kaplan. Mwaka 1977, akiwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Boston, yeye na James Hinds walitumia hadubini ya elektroni, yenye nguvu kubwa zaidi, wakaonyesha kwamba seli zenye alama katika panya waliokomaa zina sura ya nyuroni halisi, pamoja na maungio yake. Hiyo ilikuwa jibu la hoja ya kwanza. Nalo halikupokelewa, na hatimaye Kaplan aliacha uwanja huo akawa daktari wa utengamao. Kisha mwaka 1985 Pasko Rakic wa Chuo Kikuu cha Yale, mtafiti mwenye heshima kubwa, alichapisha utafiti wa nyani aina ya resus ambao haukuona nyuroni mpya katika waliokomaa. Kwa wengi, mjadala uliishia hapo.

Altman hakukaa akilalamika. Huko Purdue alijenga maabara ya ukuaji wa mfumo wa neva, akatumia miaka mingi kuchunguza jinsi ubongo wa panya unavyojijenga tangu mimba hadi utu uzima: ubongo mdogo wa nyuma unaosimamia mizani ya mwili, uti wa mgongo, na maeneo mengine. Aliungana katika kazi na maisha na Shirley Bayer, mtafiti mwenzake aliyekuwa mkewe. Mwaka 1982 Bayer na wenzake walionyesha kwa kuhesabu kwamba idadi ya nyuroni katika tabaka lile la hipokampasi ya panya huongezeka ukubwani. Baadaye wawili hao walitoa atlasi ya juzuu tano ya ukuaji wa ubongo wa binadamu, kazi ambayo wanafunzi wa tiba wataitumia kwa miaka mingi.

Ndege, chupa na wagonjwa watano

Mlango ulifunguliwa upya na watu waliokuwa wakichunguza mambo mengine. Fernando Nottebohm wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alitaka kujua jinsi ndege wa kanari wanavyojifunza nyimbo. Mwaka 1983 yeye na Steven Goldman walitangaza kwamba sehemu ya ubongo inayohusika na uimbaji hupata nyuroni mpya hata kwa ndege aliyekomaa. Kazi zilizofuata zilionyesha kwamba seli hizo hupokea na kutuma ishara. Hakuna aliyeweza kusema ni glia. Wapinzani walibaki na hoja moja: ndege si mamalia.

Mwaka 1992 Brent Reynolds na Samuel Weiss, huko Calgary, Kanada, walichukua seli kutoka ubongo wa panya waliokomaa, wakazikuza kwenye chombo cha maabara kwa kutumia kichocheo cha ukuaji. Seli hizo ziligawanyika na kuzaa nyuroni pamoja na seli za glia. Sasa ilijulikana kwamba ndani ya ubongo uliokomaa zimo seli shina. Mwishoni mwa muongo huo nyuroni mpya zilionekana katika hipokampasi ya nyani waliokomaa, na miongoni mwa waliozithibitisha alikuwa Rakic mwenyewe, mwaka 1999.

Je, binadamu? Hatuwezi kumdunga mtu mwenye afya kemikali yenye mnunurisho kisha tukaomba ubongo wake. Njia ilipatikana kupitia wagonjwa wa saratani. Kemikali iitwayo BrdU, inayodakwa na seli zinazogawanyika kama ilivyo thaimidini, ilikuwa ikitolewa kwa baadhi ya wagonjwa ili kupima kasi ya uvimbe wao. Peter Eriksson wa Uswidi, pamoja na Fred Gage wa Taasisi ya Salk ya California, walichunguza ubongo wa wagonjwa watano wa namna hiyo baada ya kufariki. Mwaka 1998 walitangaza kwamba wamekuta nyuroni zenye alama katika hipokampasi. Wagonjwa hao walikuwa watu wazima, wengine wazee. Tunawadai shukrani, wao na familia zao, kwa jambo ambalo hakuna maabara ingeweza kulinunua.

Ushahidi mwingine ulitoka mahali pasipotarajiwa. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanywa hewani hadi mwaka 1963 yalijaza angani kaboni 14, ambayo iliingia katika mimea, chakula na hatimaye DNA za watu. Kiwango chake angani kimekuwa kikishuka tangu hapo, hivyo kiasi kilichomo katika DNA ya seli huonyesha seli hiyo ilizaliwa lini. Mwaka 2013 kundi la Jonas Frisén la Taasisi ya Karolinska, Stockholm, lilitumia njia hii kukadiria kwamba kila hipokampasi ya mtu mzima hupata nyuroni mpya takriban 700 kwa siku. Ukilinganisha na nyuroni zipatazo bilioni 86 za ubongo mzima, hiyo ni idadi ndogo sana. Lakini si sifuri.

Mjadala haujafungwa. Mwaka 2018 kundi la watafiti wa California, akiwamo Arturo Alvarez-Buylla, lilichunguza hipokampasi za binadamu wa umri mbalimbali likaripoti kwamba seli changa hupungua haraka utotoni na hazionekani kwa watu wazima. Mwaka huo huo Maura Boldrini na wenzake wa New York waliripoti kinyume chake, na mwaka 2019 kundi la Hispania lilieleza kwamba muda ambao tishu hukaa kabla ya kuhifadhiwa, na namna inavyohifadhiwa, huweza kufuta alama zinazotafutwa. Kwa panya jibu ni la uhakika. Kwa binadamu mtu mzima ushahidi ni mzito lakini una wapinzani wenye hoja. Msomaji akikutana na tangazo linalosema jambo hili limekwisha kuthibitishwa kikamilifu na dawa yake iko dukani, ajue kwamba muuzaji amewatangulia wanasayansi.

Neva zinazoota na zisizoota

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi. Kuzaliwa kwa seli mpya ni jambo moja. Kuota tena kwa uzi wa seli iliyo hai ni jambo lingine. Mtu aliyekatwa na panga mkononi, seli zake za neva ziko salama ndani au kando ya uti wa mgongo. Kilichokatika ni nyuzi. Sehemu ya uzi iliyotengwa na seli hufa, kisha ncha iliyobaki huanza kuchipua. Seli zinazoizunguka husafisha mabaki na kuipa njia ya kupita.

Uzi huo huota kwa kasi ya takriban milimita moja kwa siku. Hesabu yake ni rahisi na kila mgonjwa anapaswa kuelezwa. Neva ikikatwa kwenye kifundo cha mkono, sentimita 18 kutoka ncha ya kidole, ganzi huhitaji kama miezi sita kwisha. Ikikatwa kwenye kiwiko, safari ni ndefu zaidi, na misuli isiyopata amri kwa mwaka mmoja na zaidi huanza kupoteza uwezo wa kupona. Ndiyo maana jeraha la panga lenye ganzi au vidole visivyokunjuka halipaswi kushonwa ngozi tu na mgonjwa kurudishwa nyumbani. Ncha mbili za neva zisipokutanishwa, uzi unaochipua hupotea njia.

Ndani ya uti wa mgongo mambo ni tofauti, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba nyuzi za humo hazina uwezo wa kuota. Mwaka 1981 Samuel David na Albert Aguayo, wa Montreal, Kanada, walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya wakakipandikiza kama daraja kati ya shina la ubongo na uti wa mgongo. Nyuzi za mfumo wa kati ziliingia ndani ya daraja zikaota takriban sentimita 3. Zilipofika mwisho wa daraja na kukutana tena na tishu ya uti wa mgongo, zilikwama. Uwezo ulikuwapo, mazingira ndiyo yaliyozuia. Katika miaka ya 1980 Martin Schwab wa Zürich alitambua kwamba ala ya mafuta inayozifunika nyuzi za mfumo wa kati ina protini zinazozuia uchipuaji. Dawa za kuzima vizuizi hivyo zimejaribiwa kwa binadamu, lakini hadi sasa hazijawa tiba ya kawaida hospitalini.

Maana yake kwa mgonjwa

Turudi kwenye swali la wagonjwa wetu. Baada ya kiharusi, je, seli mpya huziba pengo? Mwaka 2002 watafiti wa Lund, Uswidi, walionyesha kwamba panya waliopata kiharusi cha majaribio huzalisha nyuroni changa zinazohamia eneo lililoumia. Nyingi zilikufa ndani ya majuma machache, na zilizobaki zilichukua nafasi ya takriban asilimia 0.2 tu ya zilizopotea. Ubongo hujaribu, lakini nguvu zake katika jambo hili ni chache.

Basi mgonjwa anayeanza tena kutembea baada ya kiharusi hupona kwa njia gani? Hupona hasa kwa sababu seli zilizosalia hujipanga upya: maungio mapya huundwa, njia zilizolala huamshwa, na maeneo jirani huchukua kazi ya lililokufa. Mpangilio huo huongozwa na matumizi. Mkono unaofanyishwa kazi kila siku huupa ubongo sababu ya kuukumbuka. Kwa hiyo mazoezi ya fiziotherapia, kurudiarudia kushika kikombe, kufunga kifungo au kutamka neno, ndiyo tiba yenyewe. Familia nyingi huyaona kama kitu cha kupitisha muda huku wakisubiri sindano. Majuma na miezi ya mwanzo ni ya thamani kubwa, na yakipotea ni vigumu kuyarudisha.

Mazoezi ya mwili pia yana nafasi yake. Mwaka 1999 kundi la Gage lilionyesha kwamba panya wanaokimbia kwenye gurudumu hupata seli mpya nyingi zaidi katika hipokampasi kuliko wasiokimbia. Kwa binadamu, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 uliwafuatilia wazee 120 kwa mwaka mmoja. Waliotembea kwa haraka mara tatu kwa juma waliongezeka ukubwa wa hipokampasi kwa takriban asilimia 2, ilhali waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu walipungua. Ongezeko la ukubwa si ushahidi wa seli mpya, na hatupaswi kulitafsiri hivyo. Hata hivyo kutembea hushusha shinikizo la damu na sukari, na kwa hilo pekee mtu amejikinga na kiharusi cha kwanza au cha pili.

Jambo la mwisho ni tahadhari. Zipo kliniki, baadhi zikiwa nchi za nje, zinazodunga wagonjwa kile zinachokiita seli shina kwa ahadi ya kuotesha uti wa mgongo au kuponya kiharusi. Zipo pia dawa za unga na vidonge vinavyotangazwa kuongeza seli za ubongo. Familia huuza mashamba kwa ajili hiyo. Kabla ya kutoa fedha, muulize mtoa huduma maswali matatu: matokeo yake yamechapishwa katika jarida gani? Kwa nini mgonjwa analipishwa kama ni jaribio la kitafiti? Ni nani atakayewajibika na kumfuatilia mgonjwa miaka miwili baadaye? Akishindwa kujibu hata moja, rudi kwa daktari wako kabla ya kuamua.

Heshima iliyochelewa

Joseph Altman aliishi muda wa kutosha kuona kazi yake ikikubaliwa. Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 85, alitajwa kuwa mshindi wa Tuzo ya Prince of Asturias ya Hispania kwa utafiti wa kisayansi, pamoja na Alvarez-Buylla na Mwitaliano Giacomo Rizzolatti. Mwaka uliofuata Japani ilimpa Tuzo ya Kimataifa ya Biolojia. Alifariki tarehe 19 Aprili 2016.

Miaka zaidi ya thelathini ilipita kati ya taarifa yake ya kwanza na siku ambayo wataalamu kwa ujumla walikubali kwamba ubongo wa mamalia aliyekomaa huzaa seli mpya. Katika muda huo vijana kadhaa waliepuka swali hilo wasiharibu ajira zao, na hatuwezi kujua ni majaribio mangapi hayakufanywa. Sisi tunaofundisha katika vyuo vya tiba tuna wajibu unaotokana na hesabu hiyo. Mwanafunzi akileta kipande cha kioo chenye kitu ambacho kitabu kinasema hakipo, jibu la kwanza liwe kumwomba asogeze hadubini ili nasi tutazame.